Neno "Brasileiro": Jina la Kazi Lililogeuka Jina la Taifa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama)



Tuliombwa tuchague jambo liwezalo kuwafaa watu wa kalamu, nasi tumechagua neno moja tu la Kireno. Huenda mtu akauliza, Je, makarani wa Afrika ya Mashariki wana haja gani na neno la Kireno? Twamjibu ya kwamba meza aandikiayo, na bendera ipepeayo nje ya ofisi yake, zote mbili zina majina tuliyoyapokea kwa Wareno. Basi lugha hiyo si mgeni kabisa nyumbani mwetu.

Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Kazi yetu ya kila siku ni kujaza fomu na madaftari. Katika safu moja twaandika kazi ya mtu, na katika safu nyingine twaandika taifa lake au kabila lake. Neno tutakalolieleza ni brasileiro, ambalo leo maana yake ni mtu wa Brazili. Neno hili lilianza maisha yake katika safu ya kazi, kisha likahamia safu ya taifa. Jinsi lilivyohama, na ni watu gani walioachwa nje lilipohama, ndiyo habari tuliyo nayo.

Kwanza yatupasa kutazama sarufi kidogo. Wareno wana njia kadha wa kadha za kumtaja mtu kwa nchi yake, nao hufanya hivyo kwa kubadili mwisho wa neno. Mwingereza kwao ni inglês, na Mfaransa ni francês. Mtu wa Angola ni angolano, na mtu wa Msumbiji ni moçambicano. Mtu wa Guinea ni guineense, na mtu wa Timor ni timorense. Miisho hii mitatu, yaani -ês, -ano na -ense, ni miisho ya mahali. Ukiisikia wajua kwamba mtu anatajwa kwa alikotoka.

Ama mwisho wa -eiro una kazi nyingine. Sapateiro ni fundi wa viatu, maana sapato ni kiatu. Ferreiro ni mhunzi, maana ferro ni chuma. Pedreiro ni mwashi, maana pedra ni jiwe. Padeiro ni mwoka mikate, na marinheiro ni baharia. Mwisho huu umetoka katika -arius ya Kilatini, na mara nyingi hutaja kazi ya mtu, yaani kitu kinachompatia chakula chake. Yako maneno machache yaliyo kinyume, kama estrangeiro, ambalo maana yake ni mtu wa nchi ya kigeni. Lakini katika majina ya mataifa, brasileiro karibu halina mwenzake. Kwa kanuni hii, maana yake ya asili ni mtu afanyaye kazi ya brasil. Ni kana kwamba watu wa Unguja wangaliitwa ulimwenguni kote Wachuma-Karafuu, na jina hilo likapigwa chapa katika sheria zao na katika hati zao za kusafiria.

Basi brasil ni kitu gani? Ni mti. Kabla ya Wareno kufika Amerika, watia rangi wa Ulaya walikuwa wakinunua mti mwekundu uliotoka Asia, nao waliuita kwa jina hilo. Mti huo ulisagwa, ukaloweshwa, na maji yake yakatiwa katika nguo ili ziwe nyekundu. Wataalamu wengi wa lugha hulihusisha jina hilo na neno brasa, yaani kaa la moto, kwa ajili ya wekundu wake.

Mwaka wa 1500, katika mwezi wa Machi, nahodha mkuu Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon na merikebu 13 kwenda Bara Hindi. Alipita mbali sana upande wa magharibi, na tarehe 22 Aprili aliona nchi kavu. Nchi hiyo aliiita Vera Cruz, maana yake Msalaba wa Kweli. Baadaye ikaitwa Santa Cruz, yaani Msalaba Mtakatifu. Merikebu moja ilirudishwa Ureno na habari hizo, na zilizobaki zikashika njia ya Bara Hindi. Tufani ilizama merikebu 4, lakini zilizosalimika zilifika Kilwa katika mwezi wa Julai, na Malindi katika mwezi wa Agosti. Kwa hiyo wazee wa Kilwa na Malindi waliwaona mabaharia walewale walioiona pwani ya Brazili miezi michache tu kabla yake. Kisa chetu na kisa chao vilianza katika safari moja.

Katika nchi hiyo mpya Wareno walikuta mti mwekundu ulio kama ule wa Asia, tena umejaa msituni karibu na pwani. Hapakuonekana dhahabu wakati ule, wala pilipili. Bidhaa yenye faida ilikuwa ni mti huo. Haukupita muda mrefu, Mfalme wa Ureno akaikodisha biashara yake kwa wafanyabiashara. Jina la mti likaanza kulifunika jina la Msalaba. Jambo hili liliwachukiza watu wa dini. Mwanahistoria João de Barros, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1552, alinung'unika kwamba ni kazi ya Shetani kuwafanya watu walisahau jina la mti uliotupatia wokovu, na badala yake kuitukuza gogo la kutia nguo rangi. Lakini manung'uniko yake hayakufua dafu. Jina hufuata midomo ya watu wengi, na midomo ya bandarini ilikuwa ikisema brasil.

Sasa tuangalie ni nani aliyeitwa brasileiro siku zile. Waliokata miti na kuichukua mabegani hata pwani walikuwa wenyeji wa nchi, nao walilipwa mashoka, visu, na nguo. Wao hawakuitwa brasileiros. Jina lile lilikuwa la mfanyabiashara wa mti, mtu apitaye na mzigo wake. Tazameni, Ndugu zetu, jambo hili kwa makini: aliyeshika shoka hakupata jina, aliyeshika daftari ndiye aliyelipata.

Miaka ilipokwenda, Wareno walikaa, wakazaa watoto, wakalima miwa, na baadaye wakachimba dhahabu. Hata hivyo wazaliwa wa nchi hawakuwa na jina moja. Kila mtu alitajwa kwa jimbo lake: wa São Paulo ni paulista, wa Bahia ni baiano, wa Pernambuco ni pernambucano. Waliokaa katika nchi ya migodi, Minas Gerais, waliitwa mineiros, maana yake wachimba migodi. Na hata leo mtu wa jimbo hilo huitwa mineiro, ajapokuwa ni mwalimu au daktari asiyepata kuliona shimo la dhahabu.

Na Mreno aliyezaliwa Ureno aliitwaje huko? Aliitwa reinol, yaani mtu wa reino, na reino ni ufalme. Hapa makarani wa pwani watege masikio. Neno letu la Kiswahili, Mreno, latoka katika reino hilohilo, kama wasemavyo wenye kamusi. Wale waliokuja Kilwa na Mombasa walijitaja kuwa ni watu wa Ufalme, nasi tukalishika neno hilo, tukaliweka M- mbele yake, na mpaka leo twawaita Watu wa Ufalme bila kujua. Basi jina la taifa laweza kutoka katika majivuno ya mtu mwenyewe, kama Mreno. Na laweza kutoka katika mzigo ulio juu ya gati, kama brasileiro.

Mambo yalifika kilele mwaka wa 1822, Brazili ilipokuwa ikijitenga na Ureno. Mtu mmoja alilichukua swali la jina akalipima kama mfua dhahabu apimavyo dhahabu yake. Jina lake ni Hipólito José da Costa. Alizaliwa mwaka wa 1774, akafungwa Lisbon na Baraza la dini mwaka wa 1802, akatoroka, akakimbilia London. Huko, tangu mwezi wa Juni 1808 hata mwezi wa Desemba 1822, alitoa gazeti la kila mwezi, Correio Braziliense. Kumbukeni kwamba kabla ya mwaka wa 1808 upigaji chapa ulikuwa umekatazwa Brazili. Gazeti la watu wa nchi hiyo lilipigwa chapa ng'ambo ya bahari, likaingizwa nchini kwa merikebu.

Mwaka huo wa 1822 Hipólito aliwaeleza wasomaji wake kwa nini gazeti linaitwa Braziliense. Hoja yake ni ile ile ya sarufi tuliyoianza. Alisema ya kwamba mzaliwa wa Brazili aitwe brasiliense. Na yule Mreno wa Ulaya, au mgeni mwingine, aendaye Brazili kufanya biashara au kukaa, ndiye aitwe brasileiro, kwa kuwa mwisho wa -eiro ni mwisho wa kazi, kama ulivyo kwa fundi viatu na mhunzi. Nao wenyeji wa asili wa nchi alitaka waitwe brasilianos. Hayo yalikuwa majina matatu yaliyopangwa vizuri, kila moja katika safu yake.

Kwa kanuni za lugha alikuwa na haki, lakini watu hawakumfuata. Uhuru ulitangazwa tarehe 7 Septemba 1822, na Katiba ya tarehe 25 Machi 1824 ilipoandikwa, raia waliitwa Cidadãos Brasileiros. Hivyo jina la mchuuzi wa magogo likapigwa muhuri wa Serikali. Na tangu siku hiyo likawa na uzito mpya, maana sasa kuwa brasileiro kulikuwa ni kuwa na haki, na kutokuwa brasileiro kulikuwa ni kuzikosa.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Katiba ile, katika kifungu cha 6, ilitaja nani walio raia. Ilimtaja mtu aliyezaliwa Brazili, ikiwa alizaliwa huru au ikiwa alikombolewa utumwani. Ilimtaja pia Mreno aliyekuwa akikaa Brazili siku za uhuru, akakubali kubaki. Mtumwa hakuwamo. Mtumwa aliyezaliwa Brazili, akikombolewa, alihesabiwa raia, ingawa hakuruhusiwa kuwa mmoja wa wateuzi katika daraja la pili la uchaguzi. Lakini Mwafrika aliyezaliwa Afrika, akachukuliwa kwa nguvu, akafanya kazi maisha yake yote katika mashamba ya miwa na kahawa, kisha akajikomboa kwa fedha zake mwenyewe, huyo hakuwamo katika orodha ile. Mreno aliyekuja kwa hiari aliweza kuwa brasileiro kwa kubaki tu. Mwafrika aliyeletwa kwa minyororo alibaki mgeni hata baada ya kuilipa bei ya nafsi yake.

Wala hao hawakuwa wachache. Katika miaka yote ya biashara hiyo, Waafrika zaidi ya milioni 4 waliteremshwa Brazili wakiwa hai. Wengi mno walitoka Angola na pwani ya magharibi, na katika karne ya 19 wengi walitoka Msumbiji, upande wetu huu wa bahari. Sheria ya kukomesha uletaji wa watumwa ilitungwa mwaka wa 1831 lakini haikushikwa. Ikatungwa nyingine mwaka wa 1850, nayo ikashikwa. Utumwa wenyewe ulikomeshwa tarehe 13 Mei 1888.

Sasa twaomba mwangalie jinsi jina lisivyotii amri ya mwandishi wa sheria. Mwaka wa 1835 Waafrika Waislamu wa mji wa Salvador, katika jimbo la Bahia, walifanya maasi. Baada ya maasi hayo Waafrika walioachwa huru walisumbuliwa sana, wengine wakahamishwa kwa nguvu, na wengine wakajilipia nauli wakarudi Afrika. Walishuka Accra, Ouidah, Porto-Novo na Lagos. Walikuwa waashi, maseremala, washona nguo, na wafanyabiashara. Huko Accra wazao wao huitwa Tabom, kwa sababu walipoulizwa hali walijibu kwa Kireno, tá bom, yaani ni njema. Na huko Lagos, mtaa wao uliitwa, na mpaka leo waitwa, Mtaa wa Wabrazili. Msikiti wa Shitta Bey, uliofunguliwa Lagos mwaka wa 1894, ulijengwa na fundi wa jamaa hiyo.

Basi fikirini. Mtu yule yule aliyenyimwa jina la brasileiro huko Brazili, kwa kuwa alizaliwa Afrika, alipewa jina la Mbrazili alipokanyaga Afrika. Kule aliambiwa, Wewe si wetu. Na huku majirani walimwambia, Wewe ni mtu wa kule. Sheria ilimwondoa katika safu, na midomo ya watu ikamrudisha.

Ureno nako neno hilo lilipata maana nyingine. Katika karne ya 19 vijana maskini wa kaskazini mwa Ureno walikwenda Brazili kutafuta mali. Waliorudi nazo waliitwa brasileiros, ingawa walizaliwa Ureno kwa baba na mama Mreno. Walijenga nyumba kubwa, wakapanda mitende uani ili majirani wajue walikotoka. Wengine walijenga shule na hospitali vijijini kwao. Mwandishi wa hadithi Camilo Castelo Branco aliwafanyia mzaha mwingi katika vitabu vyake. Kwa hiyo wakati mmoja neno moja lilitaja raia katika Rio de Janeiro, na tajiri wa kuchekwa katika kijiji cha Ureno.

Na lile neno la Hipólito, brasiliense, lilikwenda wapi? Halikufa. Mji mkuu mpya, Brasília, ulipofunguliwa tarehe 21 Aprili 1960, wakazi wake walihitaji jina, wakaitwa brasilienses. Siku hiyo hiyo gazeti la mji huo lilianza kutoka, nalo lilichukua jina la gazeti la London, Correio Braziliense. Na ule mti mwekundu, uliokatwa hata ukawa haba msituni, sheria ya mwaka wa 1978 iliutangaza kuwa mti wa taifa.

Kabla hatujamaliza, twapenda kulitia neno hili karibu na meza zetu. Jina letu wenyewe, karani, limetoka Bara Hindi. Huko Bengali mwandishi wa ofisini aliitwa kirani, na Waingereza wakalitamka cranny. Kwa kuwa waandishi wengi wa Kiingereza walitoka katika watu waliochanganya damu ya Ulaya na ya Bara Hindi, Waingereza wakaanza kuwaita watu wote wa jamaa hiyo kwa jina hilo, hata asiyejua kushika kalamu. Basi si magogo peke yake yaliyozaa jina la watu. Hata kazi yetu hii ya wino na karatasi ilikaribia kufanya hivyo. Karani hana haki ya kuwacheka wachuuzi wa magogo.

Tumejifunza nini? Sisi twaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba asili ya jina haimpunguzii mtu heshima. Wabrazili wa leo hawaoni haya kuitwa kwa mwisho wa neno uliowaweka pamoja na waashi na wahunzi. Wako kati yao wanaosema kwa furaha kwamba wao peke yao huitwa kwa jina la kazi, na kwamba Brazili ni kazi ambayo kila mtu wake hana budi kuifanya. Wahenga wetu walisema, Jina jema hung'ara gizani. Nasi twaongeza kwamba wema wa jina huletwa na wanaolichukua.

La pili latuhusu sisi kwa kazi yetu. Hipólito alijua sarufi kuliko watu wote, akashindwa. Waandishi wa Katiba walijua sheria, wakaliandika jina vizuri, lakini katika kuliandika wakawafungia mlango watu waliotokwa na jasho jingi kuliko wote. Mwandishi wa sheria huandika mara moja. Karani huandika kila siku, na kila ajazapo safu ya taifa au ya kabila, yuko mtu aliyesimama mbele yake akingoja kujua kama yumo au hayumo. Basi yatupasa kumwuliza mtu huyo ajiitavyo kabla ya kumwandika kama wengine wamwitavyo. Na pale kanuni inapotuzuia kumwandika, tusimfiche. Tupeleke habari yake kwa wakubwa kwa barua iliyo wazi, ili wajue ya kuwa yuko mtu ambaye safu zao hazimtoshi. Huo ndio uwezo mdogo tulio nao, nao si haba.